Inchi Tatu za Aibu

Jumatatu, 2 Juni

Kliniki asubuhi. Mizani imeharibika! Furaha yangu haisemeki. Ila nimejitesa bure: nilivaa shati jepesi kuliko yote niliyo nayo, nikaacha funguo nyumbani, nikavua saa, sikunywa hata chai.

Nesi akauliza dawa zinanikubali? Nikamwambia sana. Nalala usiku mzima, mawazo hayakimbizani tena kichwani, mke wangu amerudisha mahali pake mikasi aliyokuwa ameificha. Akauliza, na mwili je? Nikajibu kwamba mwili upo. Akasema hilo analiona.

Nilitamani sakafu ipasuke.

Naandika humu ukweli ambao siwezi kumwambia mtu. Tangu nianze vidonge hivi mwaka jana, nala, nashiba, na baada ya dakika chache njaa inarudi kama hatujawahi kuonana. Suruali zangu nimezifumua mshono wa nyuma na kuzitanua mpaka kitambaa cha akiba kimekwisha. Kazini nimewaambia ni raha za ndoa. Vidonge nimewaambia ni vya presha. Fundi cherehani mwenye suruali inayombana! Ni sawa na kinyozi mwenye nywele za vichaka.

Mwezi uliopita nesi alinipima kiuno kwa futi ya kliniki, ikasoma arobaini na tatu. Futi hiyo nayo imekwenda na mtu asiyejulikana. Basi akaamua kwamba Jumatatu ijayo nije na futi yangu mwenyewe, maana mimi ni fundi na fundi anaaminika. Pia nitembee nusu saa kila siku, mwendo wa haraka, si wa kutazama maduka.

Kazini nimejifungia chooni, nikajipima. Arobaini na nne. Nikavuta tumbo, nikapima tena. Arobaini na nne, na macho yamenitoka.

Jumanne, 3 Juni

Nimeanza mazoezi. Mtu hawezi kutembea kwa haraka na suruali ya kitambaa, kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana nimejishonea suti ya mazoezi, pana, yenye mpira kiunoni. Kitambaa ni cha sampuli ya sare, buluu iliyoiva. Bosi amepata kazi kubwa ya kushona sare za walinzi wa kampuni moja, na ametangaza kwamba atakayeisimamia vizuri atakuwa fundi mkuu.

Tuko wawili tunaofikiriwa: mimi na Uzi. Jina hilo tulimpa kwa wembamba wake. Anakaa cherehani ya pili kutoka kwangu, anakula mkate mzima na siagi, halafu anakung'uta makombo juu ya tumbo ambalo halipo. Haongezeki hata kidogo! Mungu anajua anavyogawa, lakini hapa sijamwelewa.

Jioni nikatoka na suti yangu mpya. Mwendo mzuri, mikono nayumbisha. Gari likapiga honi mbele ya geti la jengo moja. Nikageuka kumtafuta mlinzi. Mlinzi akawa mimi! Mwenye gari akanifokea kwamba nimelala kazini. Badala ya kueleza, nikafungua geti. Nikaomba radhi, na saluti nikapiga. Likaja gari la pili, nikafungua. La tatu nalo nikafungua. Ndipo akatoka mlinzi mwenyewe, alikuwa msalani, akanitazama, akatazama sare yangu mpya, akauliza kama ameachishwa kazi.

Nikakimbia. Niseme ukweli, tangu mwaka jana sijakimbia vile.

Alhamisi, 5 Juni

Nimewaza kuacha vidonge. Siku chache tu, mpaka Jumatatu ipite.

Asubuhi nikaweka kidonge chini ya ulimi, nikanywa maji, nikajitia hamnazo. Mke wangu alikuwa ananipa mgongo, anaosha vikombe. Akaacha kuosha. Hakugeuka, alisimama tu na bomba likimwaga maji. Nikameza.

Mara ya mwisho nilipoacha dawa kwa akili zangu mwenyewe, nilikwenda stendi ya mabasi na futi yangu nikaanza kuwapima abiria. Niliwaahidi suti bure, foleni nzima! Nilimpima mpaka dereva, basi likinguruma. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Mke wangu alikuja kunichukua. Akapita kwa mtu mmoja mmoja akiomba radhi, akawaomba radhi hata waliokuwa bado wanazitaka suti zao. Kisha wodini, na yeye kila siku na chupa ya uji.

Sitaki kumwona tena akiomba radhi vile. Vidonge nitameza. Kiuno kimekataa kupungua. Kilichobaki cha kupunguza ni futi.

Jumamosi, 7 Juni

Kazi ya mikono yangu leo ingestahili tuzo, kama ingekuwa kazi ya halali.

Nimechukua futi kuukuu iliyokuwa sandukuni, nikakata kipande cha inchi tatu: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Nikaikata futi yangu baada ya ishirini, nikapachika kipande kile, nikaunganisha kwa gundi na mshono wa mkono mwembamba kama unywele. Sasa futi yangu inahesabu mpaka ishirini, inarudi kumi na nane, inafika ishirini tena, ndipo inaendelea na safari. Kwenye kiuno, hapo katikati ni mgongoni. Nani atakwenda kusoma mgongo wa mtu?

Nikajipima. Arobaini na moja! Nilijua ni uongo, niliushona mwenyewe, lakini nilijitazama kwenye kioo na nikajiona nimepungua.

Baadaye nikajisikia vibaya. Kwa fundi, futi ni heshima yake. Haiazimwi, haichezewi, inakaa shingoni mchana kutwa. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema fundi anaweza kudanganya siku ya kumaliza nguo, na wote hudanganya, lakini vipimo hadanganyi. Nimekula mkate ili kuituliza roho.

Jumatatu, 9 Juni

Ushindi! Na msiba. Naanza na ushindi.

Nesi alinizungushia futi mwenyewe. Akasoma. Akasoma tena. Arobaini na moja! Akamwita mwenzake aje aone. Wakanipigia makofi, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakapiga pia bila kujua wanapiga kwa nini. Akaniuliza nimefanyaje. Nikasema natembea sana. Nikaongeza kwamba siku nyingine nakimbia.

Halafu nesi akaketi, akashusha pumzi, akasema nimempunguzia kazi. Alikuwa amekwisha kuzungumza na daktari. Walikuwa wamekubaliana kwamba kama kiuno kinaendelea kupanda, daktari angenibadilishia dawa taratibu, anipe nyingine isiyonenepesha sana kama hii. Lakini kwa kuwa napungua vizuri namna hii, hakuna haja. Niendelee na hizi hizi.

Dawa nyingine! Kumbe ipo! Kitu ninachokitaka kuliko vyote kilikuwa mezani, na nimekirudisha kabatini kwa mkono wangu.

Nikafungua mdomo niseme. Nesi alikuwa anatabasamu. Hakuna aliyenipigia makofi tangu siku ya harusi yangu. Nikasema asante.

Njiani nimejitukana kwa majina yote ninayoyajua.

Jumatano, 11 Juni

Mke wangu ameamua kutembea nami. Habari za makofi zilimfikia, sijui kupitia nani, na zimempa nguvu. Saa sita mchana akaja kazini na viatu vya raba, mbele ya mafundi wote, akanitoa kwenye cherehani kama mtoto anayepelekwa sindano. Uzi akacheka mpaka akajichoma kidole.

Kwa aibu ya kutembea barabarani na futi shingoni, niliivua nikaitundika kwenye cherehani. Tukaenda. Mke wangu anatembea kama amechelewa treni. Mimi nyuma, nahema. Akapunguza mwendo, akanishika mkono, akasema ana furaha kwa kuwa mwaka huu nimekuwa mkweli kwake. Nikahema zaidi.

Tuliporudi, walinzi walikuwa wameshakuja. Walitarajiwa alasiri, wakaja mapema. Kazi ya kuwapima ilikuwa yangu, lakini sikuwepo, basi Bosi akamwambia Uzi awapime. Na futi ya Uzi imelika, namba hazisomeki, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwake akachukua futi ya mwenzake.

Nilimkuta anampima wa mwisho. Kwa futi yangu. Kifuani.

Ningeweza kusema pale pale. Sentensi moja tu: pima upya, futi hiyo ina kasoro. Lakini kasoro gani? Ya nani? Kwa nini? Uzi akanirudishia futi kwa mikono miwili, kwa adabu, akaomba radhi kwa kuichukua bila ruhusa. Nikamwambia yasimsumbue.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango wa kuokoa mambo. Aliyepima ndiye anayekata, kwa hiyo nimekuja mapema nikajitolea kumsaidia Uzi kukata. Nia yangu ilikuwa kuongeza inchi tatu kimya kimya kwenye kila mstari wa chaki, pale panapostahili, na mambo yaishe bila mtu kujua.

Uzi akakataa. Akasema anajua nataka nini, nataka kuonekana nimefanya kazi yake ili nipewe ukuu. Nikamwambia nampenda tu kama ndugu. Hiyo ikamtisha zaidi. Akachukua mkasi, akasimama mbele ya meza ya kukatia, hakutoka hata kwenda haja.

Nilijaribu kusogeza mistari alipoinama kuokota chaki. Nilisogeza mmoja, tena kwa pupa, karibu shibiri nzima. Ulikuwa wa suruali ya mlinzi mfupi kuliko wote.

Sasa kitambaa chote kimekatwa. Nimekula mkate wangu, halafu nikala uliobaki wa Uzi. Hakuuliza.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya kukabidhi sare. Sikupata usingizi mzuri ingawa nilimeza dawa.

Walinzi wakavaa nyuma ya pazia. Wakatoka mmoja mmoja, na kila aliyetoka Bosi alirudi nyuma hatua. Shingo zimekaa vizuri. Mabega yamekaa vizuri. Vifua havifungi. Suruali zimeishia juu ya vifundo vya miguu, soksi zote zinaonekana, na kiunoni wamezishika kwa mikono. Walifanana na wavulana waliorefuka ghafla wakati wa likizo. Mmoja tu, yule mfupi, alikuwa ameipindua suruali mara mbili na bado anaikanyaga.

Mkuu wao, mtu mkubwa, alisema labda zinahitaji kuzoeleka tu. Akawaamuru wapige saluti. Wakapiga. Tulisikia makwapa yakipasuka, mstari mzima.

Bosi hakupiga kelele mbele ya wateja. Aliomba radhi, akaomba muda, akawasindikiza. Aliporudi alimwambia Uzi akusanye vitu vyake. Fundi asiyejua kupima hana kazi hapa. Ukuu, akasema akinitazama, anaona sasa ni wa nani.

Nimekuwa fundi mkuu.

Alhamisi, 19 Juni

Uzi alikuja asubuhi kuchukua mkasi wake. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, hajaondoka. Nilitaka kupita haraka. Akaniita, akanisogezea nafasi, nikakaa.

Hakulalamika. Ningemshukuru kama angelalamika. Alisema aliwapima vizuri. Namba aliziona kwa macho yake, kila moja aliirudia mara mbili. Miaka yote anapima, hajawahi kukosea hata kofia ya mtoto. Sasa amekosea watu wote, kwa kipimo kile kile, na hajui imekuwaje. Tangu jana anapima vitu nyumbani kwa shibiri, meza, mlango, kitanda, na haamini majibu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa akili yake imeanza kumwacha. Akaniuliza kama nimeona chochote kwake siku hizi. Akauliza, hivi huwa inaanzaje?

Hakujua anamuuliza nani.

Mimi najua inaanzaje. Najua kukaa na kujiuliza kama macho yako bado ni yako. Hofu ile sijawahi kumwombea hata adui, na sasa nilikuwa nimemshonea mtu, inchi tatu, kwa uzi mwembamba.

Nikavua futi shingoni, nikailaza kwenye goti lake, nikamwonyesha kwa ukucha. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Aliisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Akanitazama.

Nikamwambia yote. Kiuno, nesi, makofi. Vidonge ambavyo si vya presha. Stendi ya mabasi. Nilikuwa naongea na viatu vyangu.

Hakushtuka kuhusu vidonge kama nilivyoogopa. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini niliona anakata na sikusema. Nikasema niliona aibu. Akasema aibu ameisikia, je, na ukuu? Kisha akanipiga kibao kimoja kichwani, cha haki, akaniinua kwa ukosi, tukaingia kwa Bosi.

Bosi naye hakufoka. Aliichukua futi, akaipeleka dirishani, akatafuta maungio kwa kidole, akayakosa, akayatafuta tena. Akasema kwa huzuni kwamba ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizomfanyia mwaka huu.

Hukumu: Uzi ni fundi mkuu. Mimi nafumua kila sare kwa mkono wangu, napachika vipande vya pembeni na kuteremsha pindo za suruali. Kitambaa cha buluu kimekwisha, kimebaki cha kijivu tu. Na mbele ya mafundi wote, Uzi alinizungushia futi mpya, akatangaza kwa sauti. Arobaini na nne na nusu. Mmoja wa mafundi akasema alidhani ni zaidi.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu, akiwa bado chini, akalia. Akasema kilichomuuma si futi. Kilichomuuma ni kwamba alipokuwa amenishika mkono barabarani, nilimwacha aseme yale maneno. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hana nguvu ya kuumbuliwa mara ya pili. Nikaosha vikombe.

Jumatatu, 23 Juni

Kwanza habari za kazi. Walinzi wamechukua sare zao, na mstari wa kijivu ubavuni kila upande. Mkuu wao amefurahi, anasema wanaonekana kama bendi ya tarumbeta. Uzi akamwambia mstari ule ni ubunifu wake. Ubunifu wake! Ila nilijing'ata ulimi.

Sasa kliniki. Nilikwenda na mke wangu, na futi aliyoinunua yeye na kuibeba yeye kwenye mkoba wake. Nikamwambia nesi kila kitu, mke wangu akijazia pale niliporuka. Nilitegemea kufukuzwa. Nesi aliniacha nimalize, akanipima, akaandika namba ya kweli, akaweka kalamu chini.

Akasema sehemu kubwa ya unene huu inaletwa na dawa, siyo ulafi tu wala uvivu. Wengi wanaokaa kwenye benchi lile wana kilio hicho hicho, na wengi wanakificha, na wengine wanaacha dawa kimya kimya halafu wanarudi wakiwa wamefungwa kamba. Akasema kutembea niendelee, na mkate nipunguze, lakini si kosa la kumfanya mtu ashindwe kumtazama mwenzake usoni. Kama ningesema kweli ile Jumatatu, dawa mpya ningekuwa nimeshaianza.

Macho yalinijaa maji. Mke wangu akanipa leso bila kunitazama, ambayo ndiyo namna yake ya kusamehe, au ya kuanza kusamehe. Tangu mwaka jana sijajisikia mwepesi kama nilivyojisikia kwenye kiti kile. Nimejiapia mbele yao wote wawili: basi, uongo wa mwili wangu umekwisha.

Ijumaa hii daktari mwenyewe ataniona. Nesi amesema daktari hapendi kuamua kwa namba za karatasini, anapenda kumtazama mtu jinsi alivyo, ndipo aamue kama ambadilishie dawa.

Daktari mwenyewe! Hajawahi kuniona tangu nitoke wodini, na siku zile nilikuwa nimevaa shuka. Mtu msomi vile, na mimi niingie kwake nikitanguliwa na tumbo?

Kuna kipande cha kijivu kilibaki, kigumu, hakivutiki. Mchana huu nimekikata fulana ya ndani, ya kubana, yenye kamba mgongoni na vijiti vya mwavuli mbavuni. Nimeijaribu. Kupumua ni kwa zamu, lakini kiuno kimeingia ndani kwa namna ambayo hata Uzi angeona wivu. Nitamweleza daktari ukweli wote, neno kwa neno, kama nilivyoapa. Ila nitamweleza nikiwa mwembamba.